Una mshahara Marekani? Ufilisi bado unakuhusu

"Mimi nina kazi, siwezi kuomba ufilisi." Nimechoka kuisikia, hasa kwa mtu aliyekwisha kukomba akiba yake ya kustaafu ya kazini, 401(k), kulipia riba za kadi. Akiba hiyo sheria ingeilinda, na madeni ya kadi yangefutwa.

Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ile ya kufuta madeni, haina ugomvi na kazi yako. Chukua mapato ya kaya kabla ya kodi kwa miezi 6 kamili iliyotangulia mwezi wa kuwasilisha ombi, tafuta wastani, zidisha kwa 12, kisha linganisha na kipato cha kati cha jimbo lako kwa kaya ya ukubwa huo. Ukiwa chini, umepita. Ukiwa juu, bado: kuna hesabu ya pili inayotoa kodi, bima ya afya, malezi ya watoto, malipo ya gari na nyumba. Na kama madeni yako mengi ni ya biashara, hesabu zote hizo hazikuhusu.

Mhudumu wa wazee aliyepiga shifti mbili mbili Novemba na Desemba, akiomba Februari ataonekana tajiri. Akiomba Julai, miezi hiyo miwili haimo tena. Kwa hiyo niletee slipu za mshahara kwanza, hadithi baadaye.

"Sina uraia." Hauhitajiki. Kuishi Marekani kunatosha.

"Kiwanja changu cha Kitengela, Kenya, hakiihusu mahakama." Kinaihusu sana. Mali huorodheshwa popote ilipo duniani, tena kwa kiapo. Kuificha ni jinai. Usinieleze kwamba hati ina jina la mama, ilhali pesa ulituma wewe. Hilo nalo tutaliandika.

"Nimlipe kaka kwanza, benki wasubiri." Ukimlipa dola 600 au zaidi ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi, mfilisi, yaani msimamizi wa kesi yako, anaweza kumfuata kaka azirudishe. Hapo umemsaidia nini?

"Kila deni litafutika." Matunzo ya mtoto hayafutiki. Mkopo wa masomo unahitaji kesi yake ndani ya kesi ya ufilisi. Na aliyekudhamini ataendelea kudaiwa.

Kabla ya yote, fanya darasa la ushauri wa mikopo kwa mtoa huduma aliyeidhinishwa, ndani ya siku 180 kabla ya ombi. Simu au intaneti inatosha. Bila cheti chake, ombi hutupwa.