Je, wajua kwa nini kocha wa watu wa makamo anaingiza hela kwa kuwazuia wateja wasijitutumue?

Kuna kitu kinawachanganya sana makocha vijana wanaoanza hii biashara. Anapata mteja wa miaka 46, ana kazi yake nzuri, habishani bei, analipa mapema, siku ya kwanza anamtoa jasho mpaka fulana inakamulika, mteja mwenyewe anacheka anasema leo umenikomesha kijana, wanapiga selfi inaenda stetasi. Jumatano hajatokea. Ijumaa simu inaita tu. Wiki ya pili inakuja meseji ya heshima kwamba kazi zimembana kidogo atakutafuta, na hapo ujue ndio basi tena. Halafu mtaa wa pili kuna kocha mwingine, mazoezi yake ukiyaangalia unajiuliza hii nini sasa, watu wazima wanakaa na kuinuka kwenye viti vya plastiki, lakini wateja wake ni walewale tangu mwaka juzi na kila baada ya muda kuna mmoja wao analeta wifi yake au shemeji.

Sababu kubwa iko kwenye msuli. Ukiwa unashuka kwenye skwati, lile zoezi la kuchuchumaa na kuinuka, msuli wa paja unarefuka huku umebeba mzigo, na hiyo kazi ya kurefuka ukiwa umeelemewa ndio inayoumiza nyuzi zake ndogondogo kuliko ile ya kupanda. Maumivu yake hayaji palepale, yanapanda taratibu na kukolea kati ya saa 24 na 72. Ndio maana Jumatatu mteja anaondoka ana furaha, Jumatano anashuka ngazi za ofisini kinyumenyume kashika ukuta na chooni anakaa kwa dua. Kijana wa miaka 22 hayo maumivu anayaringia. Huyu wa 46 anaogopa, anajua nimeumia, anamkumbuka baba yake aliyeanza na goti hivihivi, na mkewe anamwambia si nilikwambia. Hawezi kurudi kwako, na wala hatakwambia sababu maana anaona aibu.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba msuli ukishtuliwa kidogo tu mara moja, raundi inayofuata hauumi vile tena, kinga yake inakaa wiki kadhaa, na haihitaji dozi kubwa kuipata. Yaani skwati chache za kukaa kwenye kiti wiki ya kwanza, mteja akaondoka anahisi kama hajafanya kitu, ndio zinazomruhusu afanye kazi ya kweli wiki ya tatu. Kano nazo, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, zinajijenga polepole kuliko msuli kwa hiyo kuna kipindi mtu anajisikia ana nguvu wakati kano za goti na kisigino bado hazijafika, na hapo ndipo wazee wa bonanza la Jumamosi wanapoumia wakikumbuka mpira wa zamani. Na ukimwendesha mtu aliyekaa miaka 10 bila tizi halafu kesho yake mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi, hiyo ni hospitali muda huohuo, msuli umevunjika vibaya na figo ziko hatarini. Ni nadra lakini inatokea, na mara nyingi inatokea kwa kocha anayependa sifa.

Tukumbuke pia huyu mteja amefikaje hapo. Mwaka 1953 daktari mmoja wa London anaitwa Jerry Morris alichapisha utafiti wake kwa wafanyakazi wa usafiri wa mji ule, wanaume kama 31,000 wa miaka 35 mpaka 64, umri huuhuu tunaouzungumzia. Akawalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makonda wao. Basi moja, mji mmoja, mshahara haupishani sana, ila dereva amekaa karibu zamu nzima na konda anapanda ngazi za basi mamia kwa mamia kila siku. Madereva ndio waliougua moyo zaidi, na walipougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa mapema. Leo mtu wa makamo wa Dar ni yule dereva, anakaa kwenye gari saa mbili Mbezi mpaka Posta, anakaa ofisini, anakaa tena kurudi, halafu anakaa kwenye kochi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na siku 2 au zaidi za kuutumikisha msuli. Hizo dakika wengine wanazipata kwenye jogingi la Jumamosi alfajiri Coco Beach au Daraja la Tanzanite. Siku mbili za msuli ndio karibu hakuna anayezifanya, na kwa maoni yangu hapo ndipo kocha ana kitu cha kuuza.

Maana kuanzia miaka ya 30 mwili unaanza kupunguza msuli kidogokidogo, makadirio ni asilimia 3 mpaka 8 kila miaka 10, na ukishafika 60 inaongeza kasi. Habari njema ni kwamba hakuna umri msuli unaposema imetosha. Mwaka 1990 kule Boston walichukuliwa wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, umri unazungukia miaka 90, wakafanyishwa mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8, nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini! Sasa wewe wa 48 unaniambia umeshachelewa.

Hapo ndio unaelewa vile viti vya plastiki. Kocha mjanja siku ya kwanza anaweka kiti ukutani kisiteleze, anamwambia mama kunja mikono kifuani, kaa, simama, kaa, simama, sekunde 30, anahesabu na kuandika kwenye daftari. Tuseme kapata 11. Baada ya wiki sita anarudia anapata 16. Hii namba inapanda haraka kuliko kitu kingine chochote kwa sababu nguvu za wiki za mwanzo nyingi zinatoka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu kujifunza kuiita misuli mingi kwa pamoja, msuli wenyewe bado hata haujanenepa. Kocha asiyejua anampandisha mizani kila Jumatatu, mizani haisogei, mteja anavunjika moyo, wakati mwili umeshabadilika pale ambapo mizani haioni. Futi ya fundi cherehani nayo inafaa zaidi ya mizani, kiuno cha mwanaume kikipita sentimita 94 na cha mwanamke 80 hatari za sukari na moyo zinaanza kupanda, na hiyo mteja anaielewa mara moja maana hata suruali imeshamwambia.

Tukija kwenye presha hapo sitaki mchezo. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kama wanayo, kwa hiyo ukiwa na wateja wa umri huu hesabu kwamba wapo na mmoja wao anajiona mzima kabisa. Nunua kipimo cha mkononi, kile cha kuvaa juu ya kiwiko, mkalishe dakika tano ndio umpime, ikisoma 180 kwa 110 hakuna tizi siku hiyo, aende akaonane na daktari, na akiwa pia na maumivu ya kifua au kichwa kinapasuka asisubiri mpaka kesho. Mfundishe kutoa pumzi wakati anasukuma uzito, maana kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Muulize dawa anazotumia pia, kuna dawa za presha zinashusha mapigo ya moyo, hiyo saa yako ya kisasa itakwambia mtu hajachoka kumbe anakaribia kuanguka, bora umpime kwa maongezi, akiweza kuongea sentensi nzima ila kuimba hawezi basi yuko pazuri. Mwenye sukari anayechoma insulini au anayekunywa vidonge vinavyoshusha sukari lazima kuwe na juisi au pipi karibu, na miguu yake iangaliwe kama ina kidonda kabla hajavaa raba. Wanawake wa miaka 45 mpaka 55 wengi wako kwenye kukoma hedhi, usiku hawalali kwa joto, mifupa inaanza kupungua, wanahitaji mazoezi ya uzito kuliko mtu yeyote na ndio haohao wanaopewa dambeli nyepesi za rangi ya pinki.

Halafu kuna hili la heshima ambalo video za makocha wa Marekani hazitakufundisha. Una miaka 25 unamfundisha mama wa miaka 52. Huwezi kumpigia kelele twende twende acha uvivu mbele za watu, atamaliza siku ile kwa adabu zake na hutamwona tena. Shikamoo kwanza, mama umelalaje, goti linasemaje leo, ndio vyuma vije. Kumshika mtu kiuno kumrekebisha, omba ruhusa, na kwa wanawake wengi, hasa wanaojistiri, kocha wa kike au eneo lililozibwa ndio inaamua kama watakuja au hawaji kabisa. Dada zangu mlio kwenye hii kazi, hapo kuna soko kubwa na wanaume hatuwezi kulichukua hata tukitaka.

Hela sasa. Watu wenye kazi wana nafasi saa 11 alfajiri mpaka saa 2 asubuhi, halafu tena saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku. Hizo ni saa 6 kwa siku, hata uwe fundi vipi huwezi kuziongeza, na ukiwa unawafuata majumbani foleni inakula nusu yake. Tuseme unamchaji mtu mmoja 15,000 kwa saa. Ukiwaweka wanne wanaolingana hali, kila mmoja 8,000, saa ileile inakuwa 32,000 na mteja kapunguziwa karibu nusu, na bado unawaona wote wanne wakikosea. Zaidi ya hapo inakuwa mchakamchaka, hakuna anayerekebishwa mgongo. Hao wanne usiwatafute mmojammoja mtandaoni na picha ya tumbo lako lenye six pack, hiyo picha inawavuta vijana wasiolipa na kuwatisha wenye hela. Mpate mmoja tu, kina mama wa kikoba chake au wanakwaya wenzake wataona anavyopanda ngazi, watamuuliza wenyewe.

Na usiuze kwa mwezi, uza kwa vipindi. Mtu wa umri huu ndiye anayebeba ukoo, msiba ukitokea Moshi au Songea ndiye anayesafiri wiki nzima, kamati ya harusi yumo, Ramadhani ratiba yote inahamia baada ya tarawehe au nusu saa kabla ya kufuturu tena mwendo mdogo tu. Ukimwambia mwezi umeisha hela imeliwa anakuona tapeli. Mpe vipindi 12 vya kutumia ndani ya miezi mitatu, Januari usimpigie simu ya malipo maana ada za shule zimemkaba, mtumie tu mazoezi mawili ya kiti afanyie nyumbani na umwandikie vipindi vyake vitano vilivyobaki viko palepale.