Panya Mnene Si Mvivu kwa Sababu ya Unene

Ukiingia usiku kwenye chumba cha panya wa maabara, kinachokupokea ni mlio wa magurudumu. Panya ni wanyama wa giza, na kila mmoja ana gurudumu lake la kukimbilia, na kihesabio kinachorekodi mizunguko. Nimesoma hesabu hizo kwa miaka mingi na bado zinanishangaza. Panya wawili wa umri mmoja, chakula kimoja, kizimba cha aina moja. Asubuhi mmoja ana mizunguko maradufu ya mwenzake. Hakuna aliyewalazimisha. Wala hawakimbii kwa sababu tu ya kuchoshwa na kufungiwa: watafiti wa Uholanzi walipoweka magurudumu porini, panya mwitu waliyapanda wenyewe wakakimbia. Matokeo yalitoka mwaka 2014.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: panya mnene anasogea kidogo kwa sababu ni mzito, au amekuwa mzito kwa sababu hasogei?

Tumtazame panya mnene aliyegunduliwa mwaka 1949 katika Jackson Laboratory, maabara ya utafiti huko Marekani. Jeni yake moja imeharibika, nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Akikomaa anaweza kufikia mara tatu ya uzito wa nduguye. Anakula sana, kweli. Lakini hata ukimpimia chakula kilekile anachokula nduguye, bado anajaza mafuta, kwa kuwa matumizi yake ya nishati ni madogo: joto la mwili liko chini, na muda mwingi amejikunyata pembeni. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller likaipata jeni yenyewe. Kazi yake ni kutengeneza leptini, homoni ambayo seli za mafuta huitoa ili kuupasha ubongo habari kwamba akiba ipo. Panya huyu hana leptini. Amezungukwa na mafuta, lakini ubongo wake unaamini kuna njaa, na mwenye njaa hubana matumizi.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwaka 2005. Watafiti walichukua panya wasio na vipokezi vya leptini, yaani vinavyopokea ujumbe wake, wakavirudisha katika sehemu moja ndogo tu ya hipothalamasi, eneo la ubongo linalosimamia njaa. Uzito ulipungua kidogo, panya wakabaki wanene. Mwendo wao, hata hivyo, ulirudi kuwa kama wa panya wa kawaida. Basi si mzigo wa mafuta uliokuwa umewakalisha chini.

Upande wa pili wa habari hii ulianza mwaka 1993 huko Wisconsin, Marekani, kwa mtafiti Theodore Garland. Yeye hakuharibu jeni yoyote. Aliwapa panya magurudumu kwa siku 6, akatazama mizunguko ya siku mbili za mwisho, akawazalisha waliokimbia zaidi, kizazi baada ya kizazi, katika koo nne. Koo nne nyingine zikaachwa zizaane bila kuchaguliwa. Baada ya vizazi kama 16, wakimbiaji walikuwa wanakimbia karibu mara tatu ya wenzao, hasa kwa kuongeza kasi. Wana miili midogo, mafuta kidogo, na kwa ukubwa wao wanakula zaidi. Hakuna aliyewachagua kwa wembamba. Wembamba ulikuja pamoja na mbio.

Ungetarajia misuli minene. Lakini katika baadhi ya koo hizo za wakimbiaji kumeenea badiliko la jeni linalopunguza msuli wa miguu ya nyuma hadi karibu nusu, na wenye badiliko hilo wanakimbia vizuri kabisa. Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye hamu. Walipopewa Ritalin, dawa inayogusa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na thawabu, wakimbiaji walipunguza mbio, na panya wa koo za kawaida hawakupungua hivyo. Ukimnyang'anya mkimbiaji gurudumu lake, sehemu za ubongo zinazohusika na hamu hiyo huchangamka, naye huzungukazunguka kizimbani akilitafuta.