Daftari la afya: andika machache, tena papo hapo

Swali tunalowauliza wagonjwa kila siku ni hili: maumivu yalianza lini, na huja mara ngapi? Jibu huwa "ni muda sasa" au "mara kwa mara." Si kosa la mgonjwa. Kumbukumbu hushika maumivu makali kuliko yote na yale ya jana; siku za katikati hupotea. Daftari dogo linaweza kuziba pengo hilo, ilimradi liandikwe inavyopasa.

Mtindo unaopendwa siku hizi ni daftari la vidokezo. Aliyeubuni ni Ryder Carroll, Mmarekani aliyetaabika kutuliza mawazo tangu utotoni, akautangaza kwa umma mwaka 2013. Kiini chake ni chepesi: sentensi fupi, alama chache, kurasa zenye namba na orodha ya yaliyomo mwanzoni. Rangi na michoro mnayoiona mitandaoni ni mapambo tu. Kwa afya haina kazi. Tafuta daftari linaloingia mfukoni. Lile zuri la kutunzwa kabatini haliandikwi.

Kabla ya kuchora mstari wowote, amua unataka kujua nini. Wengi huanza kwa safu kumi na kitu, usingizi, maji, hatua, hasira, na wiki ya pili wameshachoka. Swali moja linatosha: kichwa kinaniuma zaidi nikikaribia hedhi? Presha yangu iko juu hata nikiwa nyumbani? Swali ndilo litakalokuamulia safu za kuchora.

Tuchukue kichwa. Kila kinapouma, andika tarehe, saa kilipoanza, ukali kwa namba kuanzia 0 hadi 10, kilituliaje, na dawa uliyomeza, kwa jina na idadi ya vidonge. Mwanamke aongeze siku ya mzunguko, akihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1. Mstari mmoja utasomeka hivi: "14/3, saa 9 alasiri, 7/10, upande wa kushoto, mwanga unaumiza, parasetamoli 2, nafuu saa 12 jioni." Kwa daktari hayo ni mengi, maana kuuma upande mmoja na kuchukia mwanga humfanya afikirie kipandauso.

Safu ya dawa ndiyo hutushtua zaidi. Mwenye tatizo la kichwa anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, huenda sasa kichwa kinauma kwa sababu ya dawa zenyewe. Kwa dawa zenye kodeini, kituliza maumivu cha jamii ya afyuni, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo. Ni wachache wanaojua wamefikia idadi hiyo mpaka waihesabu kwenye karatasi.

Presha ina masharti yake. Keti umeegemea, miguu ikigusa sakafu, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Tulia dakika 5 bila kuongea. Kahawa, sigara na mazoezi viwe vimepita kwa nusu saa. Pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi na jioni kwa siku 7, na uandike vipimo vyote, hata vinavyokuudhi. Wapo wanaopima mara tano wakaandika kile kilichowafurahisha! Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, muone daktari. Kwa sukari, andika kama ulipima kabla ya kula au saa 2 baadaye, na kama mashine inasoma sukari kwa kizio cha mmol/L au mg/dL, kwa kuwa 1 ya kwanza ni sawa na 18 hivi za pili.

Mwaka 2002 BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa maumivu sugu waliopewa madaftari ya karatasi yaliyofichwa kifaa cha kutambua mwanga, hivyo ilijulikana yalifunguliwa lini. Kwa maandishi yao, wagonjwa walikuwa wamejaza kwa wakati asilimia 90. Kifaa kilionyesha asilimia 11. Siku uliyosahau, basi, iache wazi. Daktari anaielewa nafasi tupu. Namba ya kubuni inaweza kumfanya akuongezee dozi usiyoihitaji. Kinachosaidia ni kuliweka daftari pale jambo linapotokea: kando ya mashine ya presha, au pamoja na vidonge.

Yapo yasiyongoja kuandikwa. Maumivu ya kifua, udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, maneno kuvurugika mdomoni, kichwa kuuma ghafla kwa ukali usiowahi kuupata, au presha ya 180/120 ikiambatana na dalili kama hizo: nenda hospitali mara moja. Na kama kujipima uzito kila siku kunakuzidishia hofu au kunakufanya ujinyime chakula, acha safu hiyo na umweleze mhudumu wa afya.

Siku ya miadi, usimkabidhi daktari daftari zima. Usiku wa kuamkia, andika ukurasa mmoja: siku ngapi uliumwa, siku ngapi ulimeza dawa, siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, na lile swali ulilolianzia. Daftari lenyewe nenda nalo, likihitajika lipo.