Kabla hujachagua mkondo wa ufundi, uliza unatokea wapi

Wazazi huniuliza swali lilelile: mtoto akichukua ufundi akiwa sekondari, ndiyo kaaga chuo kikuu? Nafundisha umeme na kuwashauri wanafunzi wanaochagua mikondo, na jibu langu ni kwamba inategemea mkondo wenyewe umejengwaje.

Marekani ilipitisha sheria ya Smith-Hughes mwaka 1917, serikali kuu ikaanza kugharamia ufundi mashuleni. Fedha zilikuja, lakini ufundi ukatengwa na masomo mengine, na kwa miaka mingi karakana ikawa mahali pa kuwapeleka waliodhaniwa hawawezi darasa. Hadi leo dhana hiyo inaumiza vijana wenye vichwa vizuri kabisa.

Uswisi walijenga tofauti. Takriban theluthi mbili ya vijana wanaomaliza elimu ya lazima huingia mafunzo ya ufundi. Kwa kawaida mwanagenzi yuko kazini siku tatu au nne kwa wiki, analipwa, na siku zilizobaki yuko shuleni. Mwenye hamu ya kuendelea huongeza masomo ya jumla na kufanya mtihani unaomfungulia vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Hapo ndipo penye siri: kijana wa miaka 16 hafungiwi ndani ya uamuzi wake.

Mkondo wa namna hiyo hausimami bila hesabu. Fundi anapolipinda bomba la nyaya ili likwepe boriti, akitaka kulihamisha sentimita 10 kwa mikunjo ya nyuzi 30, alama zake mbili za mahali pa kukunja zinakaa sentimita 20 mbali. Ni pembetatu mraba: upande mrefu ni mara mbili ya ule unaokabili nyuzi 30. Nimeona wanafunzi walioichukia trigonometria wakiidai wenyewe bomba likiwa mkononi, na furaha yao hunipa nguvu ya kufundisha.

Kwa hiyo usiishie kutazama mashine mpya siku ya kutembelea shule. Uliza cheti chao kinatambuliwa na nani nje ya geti, mwanafunzi anakaa kwa mwajiri muda gani na nani anamsimamia huko, hesabu na sayansi zinafundishwa hadi kiwango gani. Kisha omba kuzungumza na waliomaliza miaka miwili mitatu iliyopita, walioajiriwa na walioendelea na masomo. Wa kundi la pili wakikosekana kabisa, muulize mkuu wa shule sababu kabla ya kujaza fomu.