Fridtjof Nansen: mtu aliyeiacha barafu imchukue

Mwaka 1884, kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Greenland, yaliokotwa mabaki ya meli Jeannette. Barafu ilikuwa imeisaga meli hiyo miaka 3 nyuma, kaskazini ya Siberia, ng'ambo kabisa ya Bahari ya Aktiki. Kijana wa Norway, Fridtjof Nansen, aliposoma habari hiyo alijiuliza mbao zile zilifikaje huko. Lazima upo mkondo unaovuka bahari ile yote.

Alikuwa mtaalamu wa wanyama katika Makumbusho ya Bergen, na mwaka 1888 yeye na wenzake 5 waliivuka Greenland kwa skii. Kisha akamwendea fundi Colin Archer, akatengenezewa meli Fram, yenye ubavu wa mviringo: barafu ikiibana, huponyoka kwenda juu kama kokwa ya embe mbivu kiganjani. Mwaka 1893 watu 13 waliondoka nayo, wakaiacha makusudi inaswe na barafu, na kwa karibu miaka 3 wakaenda inakokwenda.

Wengi wanamsifu kwa safari ya mwaka 1895, alipoiacha meli akaenda na Hjalmar Johansen kwa mbwa na sleji hadi nyuzi 86 na dakika 14 kaskazini, ambako hadi wakati huo binadamu alikuwa hajawahi kufika. Kwangu mimi ninayepima bahari, makubwa yalikuwa melini. Walidhani bahari ile ni ya kina kifupi. Walipotia bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, haikugusa chini. Wakafumua waya wa chuma wa meli, wakausokota upya uwe mrefu zaidi, wakakuta kina kinachopita meta 3,000.

Nansen pia aliona kwamba barafu haikufuata upepo moja kwa moja, ilikengeuka nyuzi 20 hadi 40 kuliani. Akasema sababu ni mzunguko wa dunia. Msweden Vagn Walfrid Ekman akaipigia hesabu, na hesabu hiyo tunaitumia hata huku kwetu: kusi inapovuma sambamba na pwani ya Somalia, maji ya juu husukumwa kuliani, mbali na nchi kavu, na ya kilindini, baridi na yenye rutuba, hupanda. Samaki hufuata.

Chupa ya Nansen ya kuchotea maji ilitumika duniani kote kwa miongo mingi. Ni mcheduara wa metali, wazi pande zote mbili, unaofungwa kwenye waya. Ukifika kina unachotaka, unaachia kipande kizito kinachoteleza wayani. Kikiigonga, chupa inapinduka, milango inajifunga, na zebaki ya kipimajoto inakatika hapo hapo ikihifadhi joto la kilindi kile.

Baadaye alikuwa balozi wa Norway mjini London, kisha kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Wasio na nchi walipata hati iliyoitwa pasipoti ya Nansen, naye akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1922. Alifariki mwaka 1930.

Tangu 1975, meli za utafiti zenye jina lake, zinazoendeshwa kwa ushirikiano wa Norway na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zimekuwa zikipima samaki na maji ya pwani za Afrika, zikiwemo zetu. Chupa zinazoshushwa siku hizi hazipinduki, lakini bado tunazifunga moja moja, tukianzia kilindini kuja juu.