Kutotaja lugha hakulifanyi swali la programu liwe la lugha zote

Walimu wanaotunga mashindano ya kuandika programu za kompyuta Kigoma hudhani swali lisilotaja lugha ya programu, kama Python, Java au C, ni la haki kwa wote. Sivyo. Mchuuzi wa dagaa Kibirizi ana deni la ndoo 7, yaani -7. Tafuta baki ukigawa kwa 3. Python hutoa 2, Java na C hutoa -1. Usipoeleza unataka ipi, mwanafunzi anakosa alama bila kosa, na hilo linaumiza.

Namba kubwa nazo ni mtego: zidisha 1 hadi 21, Python iko sawa, ila long, aina ya namba nzima ya Java, hufurika kimyakimya: jibu hupita uwezo wake na hutoka baya bila onyo. Andika kikomo: majibu yasizidi 2,147,483,647, namba nzima kubwa kabisa ya biti 32. Kwa desimali, ruhusu tofauti ya hadi 0.000001 kati ya jibu la mwanafunzi na jibu sahihi.