Keki dami si utapeli, na mengine ninayoyasikia nikipima unga

Maharusi wakija na wazazi kuonja keki, huwa nasubiri swali moja. Mara nyingi huulizwa na mama mmoja akishalamba kijiko: "Mwanangu, hizo ghorofa zote ni keki kweli, au ndiyo maboksi yenu ya siku hizi? Zamani watu hawakudanganyana hivi." Nimelisikia mpaka limenichosha. Anazungumzia keki dami, yaani keki ambayo baadhi ya ghorofa zake ni za bandia, zimepambwa tu zifanane na keki.

Zamani ipi, mama? Keki nyeupe ya ghorofa tumeipata kwa Waingereza, na magazeti yao ya enzi hizo yamejaa habari za keki. Malkia Victoria alipoolewa, tarehe 10 Februari 1840, wasomaji wa London waliambiwa kila kipimo: uzito ratili 300 hivi, karibu kilo 136, mzingo futi 9, unene inchi 14. Ilikuwa keki moja pana kama gurudumu la lori. Juu yake hakukuwa na ghorofa nyingine ya keki ila mapambo na sanamu, Britannia, yule mwanamke wa kuchorwa anayewakilisha Uingereza, akiwabariki maharusi waliovishwa mavazi ya kale ya Kirumi. Mwaka 1858 aliolewa binti yake mkubwa. Safari hii keki ilipanda juu hasa, ila keki yenyewe ilikuwa ya chini tu, huko juu ni sukari tupu iliyofinyangwa. Ilibidi ifike 1882, harusi ya mwanawe Leopold, ndipo ghorofa zote zikawa za kuliwa.

Kwa hiyo dami ndiyo iliyotangulia. Ghorofa halisi ni mdogo wake.

Kinachowachanganya watu ni picha. Magazeti yenye michoro, kama Illustrated London News lililoanza 1842, yaliichora keki kwa nje: nguzo, maua, njiwa, nakshi. Ndani hukuonyeshwa. Na picha unayoniletea kwenye simu, ya harusi ya msanii fulani, ina siri ileile. Mimi nikiitazama najua ghorofa tatu za juu ni foamu, kwa sababu keki ya urefu ule ingekuwa imeshaanza kulala upande kabla MC hajashika kipaza sauti. Wewe unataka nikuapie.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kupaka sukari juu ya keki. Maharusi wakawa wanakodi ganda la karatasi ngumu au plasta, jeupe, lenye nakshi zote, wanalifunikia kikeki kidogo. Watu wakipiga picha, ganda linafunuliwa, kikeki kinakatwa, ganda linarudi dukani kungoja harusi ya Jumamosi ijayo. Hakuna aliyemwita mwokaji tapeli.

Ile keki ambayo wazee wengi wanaiwaza wanaposema "ya zamani" ni ya harusi ya Elizabeth, yule aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, tarehe 20 Novemba 1947: ghorofa 4, urefu futi 9, uzito ratili 500. Ndiyo, ilikuwa keki juu mpaka chini. Lakini alikuwa binti wa mfalme, na baadhi ya viungo vililetwa kwa meli kutoka Australia, wakati majirani zake wananunua sukari kwa kuponi. Mgao wa sukari kwao uliisha 1953. Wewe una kamati ya harusi yenye ahadi nyingi kuliko michango.

Sasa nikueleze ninavyofanya mimi. Ghorofa za juu naweka foamu ngumu iliyovikwa fondanti, lile tabaka laini la sukari. Ya chini, upande wa nyuma, nachimba nafasi ya upana wa kiganja na kupachika kipande cha keki halisi, kisha nabandika utepe mwembamba mahali kisu kinapopaswa kuingia. MC na wapambe nawaonyesha mapema. Aibu huja pale MC anapowageuza maharusi upande mwingine ili kamera iwapate vizuri: kisu kinakita kwenye foamu, bwana harusi anakaza mkono, ukumbi unaangua kicheko. Hapo mlaumuni MC.

Fedha iliyookolewa iwekeni kwenye keki za wazazi, ambazo ni lazima ziwe keki kweli, na kwenye keki za sinia zinazokatwa jikoni kwa ajili ya wageni. Mgeni wa meza ya nyuma haonji ghorofa ya tano. Anaonja kile kipande kwenye tishu, na kikiwa kikavu atakisema mwaka mzima. Na ukumbi wa Dar mwezi wa Desemba, feni zikipuliza hewa ya moto, si mahali pa kusimamisha ghorofa sita za siagi.

Utapeli upo, sikatai. Ni kumtoza mtu bei ya keki kwa foamu bila kumwambia. Dai iandikwe kwenye risiti: ghorofa hii keki, hii dami. Mwokaji akikunja uso, ondoka.

Mengine hayastahili muda mrefu. Kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba mishumaa ya siku ya kuzaliwa ni ibada ya Artemis, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale. Kweli Wagiriki walimpelekea keki zenye taa, ila hazikuwa za kumpongeza mtoto kwa kutimiza miaka mitano. Habari ya zamani inayofanana na yetu ni ya Ujerumani, 1746, sherehe ya kuzaliwa ya Zinzendorf: keki kubwa kadiri oveni ilivyoruhusu, matundu kwa hesabu ya miaka yake, kila tundu na mshumaa. Zinzendorf alikuwa askofu wa Wamoravian, kanisa lilelile lililofika Rungwe 1891. Ukitaka kuogopa kitu, ogopa mate. Utafiti wa Marekani wa 2017 ulikuta kupuliza mishumaa kunaongeza bakteria juu ya keki kwa takribani mara 14. Mchomekeeni mtoto mshumaa kwenye kikeki chake mwenyewe.

Kuna na kisa cha Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, kwamba alipoambiwa watu hawana mkate alijibu, "Basi na wale keki." Mwandishi Rousseau alikiandika kisa hicho miaka ya 1760, bila kumtaja mtu, na Marie Antoinette alikuwa bado mtoto kwao Austria. Isitoshe, kilichotajwa humo si keki, ni mkate laini wa siagi na mayai unaoitwa brioche.

Walimu wa ujasiriamali nao hupenda kusimulia kwamba unga wa keki wa paketi haukuuzika Marekani hadi mtaalamu wa saikolojia aliposhauri miaka ya 1950 kwamba mama aachiwe kuvunja yai, asijione mvivu. Si kweli: kampuni ya Duff ya Pittsburgh ilikuwa na hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya unga unaohitaji mayai mabichi tangu miaka ya 1930. Yai bichi lina ladha kuliko yai lililokaushwa likawa unga, basi.

Na la mwisho: "Sina oveni, sina bekingi pauda, siwezi kuoka." Alfred Bird aliitengeneza bekingi pauda yake Birmingham mwaka 1843 kwa sababu mkewe alidhurika na hamira. Mkate wa mayai wa pwani haumhitaji Bird wala oveni. Piga mayai na sukari mpaka ukiinua mwiko uji udondoke kama utepe na ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Tia iliki, kunjia unga taratibu, mimina kwenye sufuria iliyopakwa samli. Mkaa mwingi juu ya mfuniko, kidogo chini. Ukifanya kinyume chake, chini kutaungua na juu kutabaki kubichi.